Nyuzi Themanini na Nane

...sabini na sita, haya, sabini na sita si mbaya, ilimradi ibaki hapo, Athanasi alijisemea moyoni, macho yake kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa skrini ambamo namba ya joto ilikuwa ikichezacheza, sabini na sita, sabini na saba, tena sabini na sita, na chini ya namba kile kijiti cha feni alichokisukuma kwa kidole mpaka mwisho kabisa, mpaka feni ikawa inalia ndani ya laptop kama nyigu aliyefungiwa kwenye debe, na ilie, leo ilie itakavyo, hakuna anayetaka ukimya leo, kinachotakiwa ni huo mstari wa kijani katikati ya skrini ujae, utoke kwenye robo ulipokwama ufike mwisho, sauti ya mkewe Nyanjige itoke kwenye diski hii iliyochoka iingie kwenye fleshi kabla ya saa nane, kabla basi la Mwanza halijaondoka na Flora ndani yake... mara mbili asubuhi hii mashine ilikuwa imezima, mara mbili skrini ikawa nyeusi ghafla bila kuaga, na mara ya pili Machibya, fundi wa kibanda cha pili, alikuja akaishika tumboni kwa kiganja kama anayempima mtoto homa, akasema, "Mzee, ikifika tisini inajizima, inajiokoa yenyewe, hiyo siwezi kuizuia, lakini diski nayo imechoka, ikizimika tena katikati ya kunakili usinilaumu, hilo faili unaweza usilione tena," akaenda zake, ana wateja wake, na Athanasi akabaki na namba, sabini na saba, dakika kumi na moja tu za sauti, faili moja, unaweza usilione tena. "Baba, hujala," Flora alisema nyuma yake, kwenye benchi, akikunja khanga na kuzipanga kwenye begi, "chapati yako hii hapa," na yeye akajibu "mm," hakugeuka, maana aliona akigeuka tu namba itapanda, upumbavu, anajua ni upumbavu, namba haijui kama inatazamwa, lakini kama hatazami yeye nani atatazama... nje pale stendi mpiga debe alikuwa akiita Lamadi, Lamadi, Mwanza, sauti imeshaanza kukauka na bado saa sita na nusu, jua la Oktoba limeegemea bati la kibanda mpaka bati linalia tik, tik, mashine ingepoaje kwenye joto hili, hata mtu hapoi, angeifanya kazi hii alfajiri, angeifanya mwaka jana, angeifanya siku ileile, lakini siku ileile alikuwa na akili ya kutazama namba tu, kama leo, la, si kama leo, leo anatazama ili sauti isipotee, siku ile alitazama mpaka ikapotea. Ilikuwa Juni ya mwaka jana, nyumbani, chumba cha mbele, Nyanjige kwenye kiti cha kamba na laptop juu ya stuli mbele yake, na alikuwa amefunga kilemba, alikuwa amefunga kilemba cha rangi gani, hakumbuki, Mungu wangu, hakumbuki, anachokumbuka ni kwamba mwanzo namba ilikuwa arobaini na tisa... Mayunga, mwana wao wa kwanza, ndiye aliyeomba, aliandika kutoka Tunduma kwamba ofisini kwake kuna kompyuta, mama azungumze, wamtumie kwenye sidii, amekumbuka sauti yake, na Nyanjige, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alifurahi kama aliyealikwa harusini, na Athanasi akawasha mashine, ile aliyoachiwa na kampuni ya pamba ilipofunga mizani yake na kuhama, wakajaribu kurekodi, na wakisikiliza hawasikii kitu, feni tupu, vuuuu, na ndani yake kwa mbali sana mwanamke anasalimia, maana kinasa sauti kilikuwa ndani ya mashine hiyohiyo, karibu kabisa na feni, kwa hiyo akaipeleka kwa Machibya, Machibya akafungua sahani ya chini akatoa pamba, pamba kweli, misimu mitatu ya kukaa meza ya mzani ilikuwa imejisokota kwenye mapezi ya feni kama mkeka, akacheka, "mzee, hii ilikuwa inapumua kwa blanketi," kisha akaweka sidii na kuingiza programu ya kuongoza feni, akamwonyesha kijiti, "ukikisukuma huku feni inaenda mbio, ukikirudisha huku inapungua, ukikifikisha sifuri inasimama kabisa, kimya, mnarekodi, sasa wewe ndiye dereva, ila tazama joto, mzee, tazama joto," na Athanasi akatazama. Sabini na tisa. "...wanasema anatembea sasa, anashika ukuta anazunguka nyumba nzima," Flora alikuwa akisema, habari za mtoto wa Mayunga, ubatizo ni Jumapili ijayo na Flora ndiye mama wa ubatizo, siku tatu njiani mpaka Tunduma, "na ana meno manne, baba, amefanana na mama hapa juu ya macho," na Athanasi akasema "mm," themanini, rudi, rudi wewe, akainyanyua mashine kidogo akachomeka kipande cha ubao chini ya ukingo ili hewa ipite, themanini, sabini na tisa, ahsante... feni ilisimama siku ile na chumba kikawa kimya kiasi kwamba ulisikia kuku nje wakiparura, na Nyanjige akaanza, na hakuanza na habari, alianza kwa salamu anavyoanza mtu aliyelelewa, mwangaluka ng'wanawane, za asubuhi mwanangu, kisha akanyamaza kungoja jibu, kweli akangoja, kana kwamba Mayunga alikuwa ndani ya kile chombo anavuta pumzi ajibu, kisha akauliza umeamkaje, akangoja, na mkeo ameamkaje, akangoja, na huko mvua zikoje, akangoja, na Athanasi alisimama upande wa mashine mikono nyuma kama karani anayesubiri mzani utulie, akiona hamsini na nane, sitini na moja, akimwashiria kwa kidole azungushe, aende mbele, na yeye akitabasamu tu, akaingia kwenye habari za ng'ombe, yule mwenye pembe moja amezaa, hiyo ilikuwa sitini na sita, anajua hivyo, kila neno lake lina namba, paa la jikoni limeezuliwa na upepo ni sabini na tatu, padri mpya wa Lalago anahubiri mpaka watoto wanalala ni sabini na saba, Flora amepata mchumba lakini usimwambie nimekwambia ni themanini na moja na hapo alicheka, kicheko kile, kifupi, kinachoanzia puani... anavikumbuka hivi vyote kwa namba na uso hana. Uso wa dakika kumi na moja hana. Alikuwa naye chumba kimoja, mkono ukinyooshwa unamfikia, na alikuwa akitazama pembeni mwa skrini. "Mzee Athanasi, kopi mbili tu," mwalimu mmoja alisimama mlangoni na vyeti mkononi, "baadaye, mwalimu," alisema, "nikiwasha ile mashine ya kopi umeme unacheza, nisamehe, baadaye," na mwalimu akaangalia skrini, akaangalia uso wake, akaondoka. Mstari umefika nusu. Umefika nusu kweli au macho yake... nusu. Kisha ukasimama, diski ikakohoa ndani, kk, kk, na namba ikapanda themanini na moja, themanini na mbili, na yeye akashika ukingo wa meza, endelea, mama, endelea, usikatike, na siku ile ndivyo hasa ambavyo hakusema, siku ile ilipofika themanini na sita alisema, na sauti yake ipo humo kwenye faili, kavu, ya mtu wa ofisini, "fupisha, mama Flora, mashine inapata joto," na Nyanjige akasema "haya, nafupisha," bila kununa, kisha akasema, polepole, kwa sauti tofauti kidogo na ile ya kwanza, "na baba yako..." na kukawa kimya, na katika kimya kile namba ilikuwa themanini na nane, na yeye akasema "inatosha, itazima," akabonyeza, kwisha. Na baba yako. Kesho tutamalizia, alimwambia, akabeba mashine nje kivulini ikapoe, na kesho yake palikuwa na jambo, na keshokutwa palikuwa na jambo, kisha tumbo likaanza kumsumbua, wakasema ni vidonda, wakampeleka Mwanza, na siku ya hamsini tangu ile Juni walimrudisha kwa gari la kukodi akiwa ndani ya blanketi la hospitali, na sidii haikutumwa, nani angetuma kitu kilichokatika. Alisikiliza mara moja tu, siku ya arobaini ya msiba, watu walipoondoka, mara moja, na tangu hapo hakuthubutu kwa sababu ya diski, au alijiambia ni kwa sababu ya diski... na baba yako amezeeka, na baba yako ana moyo mgumu, na baba yako hunywa dawa zake nikimkumbusha, na baba yako usimhukumu, na baba yako nimemsamehe, amezijaza zote hizo, kitandani, njiani, kwenye misa padri akisoma, mwaka mzima na zaidi, na hakuna hata moja iliyokaa, maana kila moja ilikuwa yake yeye, alichotaka ni ya Nyanjige, neno lake moja baada ya pale, angetoa ng'ombe kwa neno hilo, zizi zima. Na baba yako nini, mama, umwambie mwanao nini juu yangu... maana alikuwa na la kusema, nani asiyejua, miaka minane yeye na Mayunga hawajasalimiana, tangu kule Shishiyu, tangu siku ile mbele ya ghala la chama cha msingi, Athanasi karani wa mzani, miaka ishirini na miwili kwenye mzani uleule wa ushirika, anajua mkulima kwa fundo la gunia lake, na soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, asubuhi moja pikapu ikasimama ng'ambo ya barabara, ikaweka mzani wake chini ya turubai, na aliyekuwa juu ya pikapu na kipaza sauti mdomoni, "leteni huku, wazee, huku hakuna foleni," alikuwa mwanaye, na foleni ikageuka, aliiona ikigeuka kama maji, magunia yakavuka barabara vichwani mwa watu aliowajua majina, akabaki na bibi wawili na mzani, na yeye akavuka pia, Mayunga akaruka kutoka kwenye pikapu, akakunja magoti kidogo kama alivyofundishwa, mkono mbele, "mwangaluka, baba," na yeye mbele ya watu wote wale akasema, "kuanzia leo usinisalimie." Hakusema kwa kelele. Angepiga kelele labda ingepita kama hasira zinavyopita... na ule mkono ulibaki hewani, mkono wa kijana wa miaka ishirini na minne, ukabaki hapo muda gani, na misimu miwili haikuisha ghala likafungwa, na nani akaenda kuomba kazi ya mzani kwa wanunuzi binafsi, nani akapewa meza na laptop, yeye, Athanasi, na Nyanjige hakusema neno, hata moja, ila alipomsikia akimwita mama Flora badala ya mama Mayunga, jina alilomwita tangu uzao wa kwanza, alisimama kidogo, sufuria mkononi, kisha akaitika, "abee," na akaitika hivyo mpaka mwisho. Kwenye msiba Mayunga alikuja, alichimba kaburi na wenzake, shati limelowa, siku ya tatu akapanda basi. Walipishana mlangoni. Mlango ule ni mwembamba, mabega yaligusana. "Baba," Flora alisema, na safari hii sauti ilikuwa karibu, amesimama nyuma yake, harufu ya mafuta ya nazi, "nikifika, nikimpa hii asikilize, ataniuliza, mwisho inakatika, nimwambie nini?" na yeye akasema, akiangalia themanini na mbili, "mwambie mashine ilipata joto," na Flora akasema, "hilo nitamwambia," kisha akaongeza, "lakini mama alikuwa anakungoja." Themanini na mbili. "Alikuwa ananingoja nini?" "Uongee," Flora alisema, "hakukwambia? Jana yake jioni tulikuwa tunachambua mchele, akanifanyia mazoezi mpaka nikacheka, akasema mimi nitasema yangu yote, halafu mwisho nitasema, na baba yako yupo hapa anataka kukusalimia, halafu ninyamaze nimtazame tu, mbele ya mashine inayosikiliza hawezi kukataa, baba yako anaogopa mashine kuliko anavyoniogopa mimi," na Flora akacheka kidogo, kicheko cha kuanzia puani, "mimi nilidhani ulikataa, baba, nilidhani alikutazama ukakataa, ndiyo maana sikukuuliza mwaka wote huu," na Athanasi akaachia ukingo wa meza aliokuwa ameushika... hakukataa. Hakuona. Kile kimya, sekunde nne, tano, kile alichokijaza kwa mwaka mzima na maneno ya kila aina, hakikuwa na neno la Nyanjige lililokatwa, yeye alikuwa amemaliza, alikuwa amefika mwisho wa yake, alisema fupi kuliko alivyopanga kwa sababu aliharakishwa, na baba yako, akasogea, akamwachia nafasi, akawa anamtazama, macho yale, pale kwenye kiti cha kamba, mkono ukinyooshwa unamfikia, anamtazama na anangoja kama alivyongoja Mayunga ajibu salamu, na yeye alikuwa anasoma themanini na nane... kumbe si neno lake alilolikata. Ni langu. Mwaka na miezi nimelitafuta kwa marehemu na lilikuwa langu, liko kwangu, hajaondoka nalo, mama Mayunga, hukuondoka nalo... na akaona kwamba alilisema hilo jina, ndani kwa ndani, mama Mayunga, limetoka lenyewe baada ya miaka minane, limekaa mdomoni kama lilivyokuwa likikaa, na bado alitaka, alimtaka palepale, si neno, yeye mwenyewe, ageuke amkute kwenye benchi anakunja khanga, amwambie nimeona, nimekuona sasa, nitazame tena hivyo mara moja nitasema, na benchi lina Flora na begi tu, na hilo halitabadilika, hata mstari ukijaa, hata fleshi ikifika Tunduma salama, lakini huko kuna mtu mzima wa miaka thelathini na miwili ambaye naye anangoja au ameacha kungoja, hilo hajui, hilo linaweza kuulizwa, huyo anaweza kujibu, huyo yuko hai... angeanzaje, mwangaluka, hapana, kwanza salamu, halafu anyamaze kama Nyanjige alivyonyamaza, ampe mtu nafasi, halafu aseme nini, siku ile Shishiyu, mbele ya watu, hapana, si kwa mashine, na kwa nini si kwa mashine, nje yule mpiga debe bado akiita Lamadi, Lamadi, na diski ikakohoa tena, kk, mstari ukiwa palepale, nusu na kidogo, feni ikilia, namba themanini na mbili, themanini na tatu, themanini na mbili, na Athanasi akagundua kwamba tayari alikuwa amegeuka, ameupa skrini mgongo, anamtazama binti yake ambaye alikuwa amesimama na khanga ya manjano imekunjwa nusu, manjano yenye ukingo mweusi, jasho juu ya mdomo, alama ndogo ya tetekuwanga kwenye shavu ambayo alikuwa ameisahau. "Huyo mtoto," alisema. "Mtoto gani, baba?" "Wa Mayunga. Wanamwita nani?" Flora akaishusha ile khanga polepole, akamtazama kama mtu anayepima iwapo alichosikia ndicho kilichosemwa. "Baba, ana mwaka mzima sasa. Hujawahi kuuliza." "Najua," Athanasi alisema. "Nauliza leo."